Gari la Zamani Lisilo na Kadi

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa bodi wa vyama vya msingi, Dodoma)



Kila mwaka mvua zinapokatika katika nyanda za kati na vichwa vya alizeti kuanza kukauka mashambani, swali moja hurudi katika vikao vya bodi: mazao yatatoka vijijini kwa chombo gani? Magari ya kukodi hupanda bei wakati ule ule ambapo kila mtu anayahitaji. Mwenye lori hujua kwamba gunia lililolala nje haliwezi kungoja. Basi ndipo husikika habari ya gari la zamani linalouzwa mkoa mwingine kwa bei ya kushangaza, na mleta habari, akisha kulisifu injini na bodi, huongeza kwa sauti ya chini kwamba lina tatizo dogo tu, nalo ni kadi.

Mazungumzo haya yanahusu hilo tatizo dogo.

Uchukuliwe mfano ambao si wa chama chochote maalumu, bali umeshonwa kwa vipande vya mambo ambayo makatibu wengi watayatambua. Chama cha wakulima wa alizeti katika Wilaya ya Kongwa kina shilingi milioni 12 kilizojiwekea kwa misimu kadhaa, kwa nia ya kupata lori la kupelekea mazao Kibaigwa. Bodi inapata habari za Isuzu la tani nne lililoko Korogwe. Gari halijatembea kwa miaka miwili na liko juu ya mawe, lakini injini inawaka. Mwuzaji ana karatasi tatu: kivuli cha kadi chenye jina la mtu mwingine kabisa, hati ya mauziano ya kurasa moja, iliyoandikwa kwa mkono, baina ya mtu huyo na mtu wa pili, na stakabadhi ya bima iliyokwisha muda wake. Yeye mwenyewe ni mtu wa tatu. Kadi halisi, asema, ilipotea wakati wa kuhama nyumba. Anataka fedha taslimu, na anasema kuna mnunuzi mwingine kutoka Handeni atakayefika Jumamosi.

Huyu mnunuzi wa Handeni hutokea katika kila biashara ya namna hii. Ni ajabu kwamba hajawahi kununua hata gari moja.

Swali la kwanza kwa bodi halihusu injini. Swali ni hili: mtu huyu anauza nini? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni ya zamani kwamba mtu asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki kubwa kuliko ile aliyo nayo yeye. Akiwa hana haki, mnunuzi hapati haki, hata akilipa mbele ya mashahidi kumi na kupewa karatasi yenye mihuri. Chama kinaweza kuwa na gari uani, ufunguo ofisini na dereva aliyeajiriwa, na bado kisiwe na gari kwa macho ya sheria.

Hapa pana jambo ambalo huwachanganya wengi. Watu husema kadi ndiyo gari. Si hivyo hasa. Kadi ni kipande cha karatasi kinachoeleza yale yaliyomo katika daftari la usajili, na daftari la Tanzania Bara hutunzwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi Julai 1996. Sheria za msingi ni za zamani zaidi: ile ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari ya mwaka 1972, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Jina lililomo daftarini huchukuliwa kuwa ndilo la mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Jina la daftarini linaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini mzigo wa kuleta ushahidi humwangukia anayepinga, na katika mfano wa Korogwe anayepinga angekuwa chama cha Kongwa.

Nchi nyingine zina taratibu zao, na si vibaya kuzitazama. Katika Uingereza hati ya usajili wa gari imeandikwa juu yake wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Hutaja tu mtu anayewajibika kwa gari hilo. Katika Marekani kila jimbo lina daftari lake na hutoa hati ya umiliki iliyo tofauti na usajili, kwa hiyo gari la zamani likivuka mpaka wa jimbo bila hati huwa taabu tupu. Kwa miaka mingi watu waliokwama huko walikimbilia jimbo dogo la Vermont, ambalo halikudai hati ya umiliki kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 15, na lilikubali kusajili kwa njia ya posta hata gari la mtu asiyeishi humo. Mwaka 2023 jimbo hilo liliufunga mlango huo kwa wasio wakazi wake, baada ya kuonekana kwamba ulikuwa ukitumiwa pia na wenye magari ya wizi.

Kwa bahati njema, Tanzania Bara haina tatizo la mipaka ya ndani. Gari la Korogwe na gari la Kongwa yamo katika daftari moja. Likinunuliwa Tanga halihitaji kusajiliwa upya Dodoma, wala namba yake haibadiliki. Linalobadilika ni jina la mwenyewe. Zanzibar ndiyo yenye daftari lake. Gari lenye namba inayoanza na Z halihamii daftari la Bara kwa hati ya mauziano peke yake, bali hupita kwanza kwenye forodha. Katibu atakayeambiwa kwamba gari la Unguja "litabadilishwa namba tu hapo Dodoma" aulize ni nani atakayebadilisha, kwa karatasi zipi.

Sasa, kwa nini gari la zamani hukosa kadi? Wizi ni sababu mojawapo, lakini si ya pekee, na mwuzaji asiye na kadi si lazima awe mwizi. Ni vema kuzijua sababu, maana kila moja ina dawa yake, na nyingine hazina dawa.

Iliyo ya kawaida kuliko zote ni uvivu wa kuhamisha jina. Mtu ananunua gari, anapewa kadi na karatasi ya mauziano, na kwa kuwa kuhamisha jina kuna gharama, analitumia hivyo hivyo. Gharama yenyewe si kubwa: katika viwango vya TRA vya miaka ya karibuni, kodi ya uhamisho wa gari ni shilingi 50,000, kadi mpya shilingi 10,000, na juu yake ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani. Kwa ajili ya kuokoa fedha hizo mtu huacha gari la mamilioni katika jina la mwingine. Baada ya miaka mitano anamwuzia mtu wa tatu, naye hali kadhalika. Daftarini bado limo jina la yule wa kwanza, ambaye huenda amehama, amefariki, au amesahau kwamba aliwahi kuwa na gari. Isuzu la Korogwe ni la namna hii.

Sababu ya pili inahusu kadi ambayo haikupotea hata kidogo, bali imelala katika kabati la mtu aliyekopesha. Makatibu wa vyama vya akiba na mikopo wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa wao wenyewe hupokea kadi za magari kama dhamana. Mkopaji akishindwa kulipa, hushawishika kuliuza gari kwa kivuli cha kadi, akieleza kwamba ile halisi imeliwa na panya au imekwenda na maji. Mkopeshaji akija kudai, mnunuzi hujikuta baina ya watu wawili waliokwisha kula fedha. Ikiwa jina la daftarini ni la kampuni, inafaa pia kuangalia katika daftari la BRELA kama kampuni hiyo ilikwisha kuweka rehani mali zake.

Ya tatu ni ya kihistoria, na watu wa ushirika wanapaswa kuielewa kuliko watu wengine, kwa maana iliwapata wao. Mwezi Mei 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa nchini. Mali zao, pamoja na magari, zikagawanywa kwa mashirika ya mazao, kampuni za mikoa na vijiji, ambavyo chini ya sheria ya mwaka 1975 vilitakiwa kufanya kazi za ushirika. Magari yalibadili mikono kwa haraka kuliko karatasi. Sheria mpya ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, baadhi ya magari yalirudi, mengine yalikuwa yamekufa, na mengine yalikuwa yakitembea kwa jina la chama ambacho hakikuwapo tena. Katika miaka ya 1990 yakafuata mashirika ya umma. Malori ya Shirika la Usagishaji la Taifa na ya GAPEX, yaliyozoeleka sana katika nyanda hizi kwa kubeba mtama, mahindi na mbegu za mafuta, yalikuwa na namba zinazoanza na SU, yaani Shirika la Umma. Mashirika yalipofilisiwa, mali ziliuzwa, na wanunuzi wengine walibaki na stakabadhi ya mnada tu.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari yaliyokuwa na namba za TZ yalisajiliwa upya kwa namba za T, tarakimu tatu na herufi tatu, zinazotumika hadi leo. Gari lililokuwa bovu wakati huo, limeegeshwa chini ya mbuyu likingoja spea, mara nyingi halikupelekwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kukuta Land Rover au Bedford uani kwa mtu, lenye bati la TZ, na mwenyewe anaapa kwa haki kabisa kwamba ni lake tangu zamani. Huenda anasema kweli. Lakini ukweli huo unahitaji karatasi: kadi ya zamani, stakabadhi ya mnada, barua ya mfilisi. Nyaraka za mashirika mengi ya umma yaliyofutwa ziliishia kwa Msajili wa Hazina, na huko ndiko pa kuanzia kwa gari la SU. Kwa gari la serikali lenye namba ya ST, kinachotakiwa ni hati za mnada wa serikali. Namba yenyewe ya ST haihami kwenda kwa mnunuzi. Gari husajiliwa upya.

Ya nne ni magari ya miradi. Dodoma imeona miradi mingi, tangu ule wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 na kufanya kazi kubwa Kondoa kwa msaada wa Sweden, hadi ya maji, afya na mazingira iliyofuata. Magari ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha ule ni wa mradi, si wa gari. Mradi ukiisha na gari likauzwa kwa mtu au chama kisichokuwa na haki ya msamaha, kodi iliyosamehewa hudaiwa. Kwa hiyo Land Cruiser iliyouzwa kwa shilingi milioni 8 na mhasibu wa mradi uliofungwa inaweza kuwa na deni la forodha lililo karibu na bei yenyewe, na mwuzaji hasemi kwa sababu hakuulizwa.

Ya tano ni gari ambalo halijawahi kuwa katika daftari la Tanzania: limevuka kutoka Zambia, Kenya au Kongo, au limetoka bandarini kwenda nchi jirani na likaishia njiani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ni kali hapa. Gari lisilolipiwa ushuru hukamatwa na kutaifishwa, na aliyekutwa nalo akijua hali yake ana kosa. Wengine husema, "Tutalilipia tu kodi." Ifanyike hesabu kwanza. Kwa gari dogo la abiria, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani. Gari likiwa na umri wa kati ya miaka minane na kumi, huongezwa asilimia 15 kwa uchakavu, na likizidi miaka kumi ni asilimia 30. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ambayo ushuru umo ndani yake. Tena thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na forodha. Shilingi ambazo mwuzaji aliziandika kwenye karatasi hazihusiki. Gari la zamani la bei rahisi hugeuka ghali kwa sababu hiyo hiyo ya uzee wake.

Tukio la wizi lenyewe halihitaji maneno mengi. Kanuni ya Adhabu inamwadhibu apokeaye mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua. Bei iliyo nusu ya bei ya soko, pamoja na kukosekana kwa kadi, ni sababu ambayo hakimu ataiona upesi kuliko katibu.

Katika hatua za kuchukua, ya kwanza haigharimu chochote ila penseli. Kabla ya kujadili bei, katibu au fundi wa chama aende mwenyewe kwenye gari, asafishe namba ya chesisi, aweke karatasi nyembamba juu yake na kuipitishia penseli mpaka namba itokee. Karatasi hiyo haisemi uongo kama inavyoweza kusema kalamu. Namba iko kwenye fremu yenyewe, si kwenye kibati kilichopigiliwa tu. Katika Land Rover za zamani mara nyingi huwa mbele upande wa kulia, karibu na mahali spring inaposhikizwa. Magari ya Japani huwa na namba fupi yenye herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Pahali palipopigwa msasa, palipochomelewa, au tarakimu zisizolingana kimo, fundi ataziona. Akiziona, safari iishie hapo.

Namba ya injini nayo ichukuliwe, ila kwa uvumilivu zaidi. Katika nyanda hizi Land Rover nyingi zinatembea kwa injini ya Toyota, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba mabadiliko hayakuandikwa daftarini, na itabidi yaandikwe, kwa stakabadhi ya ilikonunuliwa hiyo injini na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani.

Baada ya hapo namba ya gari, ya chesisi na ya injini zipelekwe TRA kuhakikiwa. Majibu yataonyesha jina la daftarini na maelezo ya gari: aina, rangi, mwaka, uwezo wa injini. Polisi nao waulizwe mambo mawili: kama gari limeripotiwa kuibwa, na kama lina deni la faini, ambalo siku hizi hufuatana na namba ya gari na kumsubiri mwenye gari mpya. Mwuzaji akionyesha kibandiko cha zamani cha leseni ya gari kilicholipiwa, katibu asishawishike. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na fidia yake ikatafutwa katika bei ya mafuta. Kibandiko hakithibitishi lolote tena.

Jina likishajulikana, mwenye jina atafutwe. Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mtu pekee awezaye kuomba kadi nyingine badala ya iliyopotea ni yule ambaye kadi ilikuwa yake, au mwakilishi wake wa kisheria. Yeye ndiye aendaye polisi kutoa taarifa ya upotevu, na yeye ndiye atiaye sahihi fomu ya uhamisho. Zipo sauti zitakazomshauri katibu kwamba aende yeye kituoni akaseme kadi ya gari la chama imepotea. Ashauriwaye hivyo ajue anaombwa nini. Anaombwa kusema mbele ya polisi kwamba amepoteza kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, kwa sahihi yake mwenyewe. Siku jambo likigeuka, dalali hatakuwapo, mwenyekiti atasema hakuelezwa, na jina lililomo katika kitabu cha polisi litakuwa la katibu.

Mwenye jina akiwa hai na akikubali, kazi ni nyepesi. Atachukua kadi mpya, na uhamisho utafanywa kutoka kwake, huku hati za mauziano ya katikati zikiambatanishwa ili asije mtu wa pili akadai. Akiwa amefariki, sahihi ya mjane au ya mwana mkubwa haitoshi, hata ikiwa na muhuri wa serikali ya kijiji. Inahitajika barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa. Mirathi huchukua muda kwa kuwa hutangazwa na warithi hupewa nafasi ya kupinga. Chama kinachotaka gari kabla ya mavuno hakiwezi kuupunguza muda huo kwa kulipa mapema.

Na kuhusu malipo, chama kisitoe fedha taslimu uani kwa mtu. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapite benki, na sehemu kubwa ya fedha ibaki mpaka kadi itoke ikiwa na jina jipya. Mwuzaji wa kweli huenda akanung'unika lakini atakubali. Mwingine ataondoka.

Jina hilo jipya ni la nani? Neno hili ni la vyama peke yake. Chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ni mtu kisheria. Kina namba yake ya mlipakodi, na kinaweza kuwa na gari kwa jina lake. Hata hivyo yapo magari ya vyama yaliyoandikwa kwa jina la mwenyekiti, au la katibu, au la mjumbe mwenye namba ya mlipakodi, "kwa muda, ili kurahisisha". Mwenyekiti akishindwa uchaguzi, gari huwa na maneno. Akifariki, gari huingia katika mirathi yake, na warithi wake hawana kosa kulidai, kwa kuwa daftari linasema ni lake. Akidaiwa, dalali wa mahakama hulikamata. Mkaguzi wa COASCO akifika, hulikuta gari katika daftari la mali za chama lakini kadi ina jina la mtu, na hiyo ni hoja ya ukaguzi. Ununuzi nao uwe katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Gari halinunuliwi kwa uamuzi wa simu kutoka Korogwe.

Turudi kwenye mfano. Bodi ya chama cha Kongwa ilimtuma katibu na fundi. Chesisi ilikuwa safi, na kivuli cha penseli kikalingana na kivuli cha kadi. Fundi akalipenda gari. TRA ikathibitisha jina la mtu wa kwanza, mkazi wa Lushoto. Katibu alipopanda milima kumtafuta alikuta kaburi la miaka minne, mjane, na watoto sita. Watoto watano walijua habari za gari kuuzwa. Wa sita alisema baba yake alikuwa ameliazima tu, na kwamba ile sahihi kwenye hati ya mauziano si ya baba yake. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa.

Bodi haikulipa. Msimu huo alizeti zilitoka kwa lori la kukodi, kwa bei iliyowaumiza wote, na katika mkutano mkuu mwanachama mmoja alisimama akauliza kwa nini kitabu cha fedha kinaonyesha nauli ya watu wawili hadi Korogwe na Lushoto, malazi ya siku nne, na hakuna gari. Katibu alisoma taarifa yake yote, akapitisha mezani karatasi yenye kivuli cha chesisi na jibu la TRA, wanachama wakavitazama mmoja mmoja. Karatasi hizo zikatiwa katika faili, pamoja na anwani ya mjane, kwa ajili ya siku ambayo msimamizi wa mirathi atateuliwa. Milioni 12 bado ziko benki, na gari bado liko juu ya mawe.